Mistari Miwili ya Bega

4 Februari

Kwako wifi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima kama ilivyotuacha sisi, yaani wazima kwa jumla, ila mama anakohoa na Kinywele anaota meno ya juu. Mwandiko wangu usiucheke. Unajua shule niliiachia darasa la sita, na tena naandika huku mwanangu ananivuta kalamu. Ukiona mahali wino umeburuzwa, ujue hapo shangazi mtu umesalimiwa na mwenyewe.

Tangu uondoke nyumba imekuwa kubwa. Makopo yako ya rangi nimeyafunika kwa magunia yasikauke. Watu bado wanabisha hodi, "Fundi mabango yupo?" Nawaambia amekwenda vitani. Wanacheka. Jana mwenye duka la viatu kaniambia, "Mama Kinywele, nawe una utani. Mwanamke aende vitani kufanya nini, kuipaka mizinga rangi?" Nikamjibu, "Anakwenda kuichora, ili wajukuu zako wajue wenzako walipokuwa huko, wewe ulikuwa nyuma ya kaunta." Akageukia viatu vyake kama kamwagiwa maji.

Banda la kinyozi la mume wangu limefungwa, lakini kila Jumamosi nafungua dirisha, napangusa kioo, natia mafuta mikasi na ile mashine ya mkono. Akirudi asikute kutu. Bango ulilomchorea nimelifuta vumbi. Vichwa vitano vyote vipo, na kile cha nne bado kimepinda. Unakumbuka wateja walivyokuwa wakikionyesha kwa kidole? "Ninyoe kama huyu mgonjwa."

Sasa nije kwenye lililo moyoni. Miezi mitano sasa sijapata hata salamu yake. Barua ya mwisho alisema huko kikosini wamemfanya kinyozi. Mama anasema kimya cha askari kina majibu mawili tu. Mimi nasema lipo la tatu, kwamba posta ni mbovu. Wifi, wewe uko karibu. Mtafute mdogo wako. Sikuombi umlete, vita si soko ukamshika mtu mkono mkarudi. Nakuomba umwone tu kwa macho yako, uniambie.

Ile picha uliyotuchora siku ya kuondoka, namnyonyesha Kinywele, iko ukutani juu ya kitanda. Mama anauliza kwa nini bega langu lina mistari miwili. Anasema mkono wako ulitetemeka kwa uchungu wa safari. Nimemwambia wifi hatetemeki. Nimesema kweli?

Akupendaye,
Mama Kinywele


27 Februari

Wifi,

Marahaba. Barua yako imefika imelowa nusu. Nimeisoma nusu kavu, nusu mbichi nikaianika juu ya sufuria. Mimi mzima. Viatu nilivyopewa ni vya mwanamume mwenye miguu kama majembe, nimevijaza magazeti.

Usishangae nikikuambia mimi hapa ni mpishi. Siku niliyofika karani alifungua daftari lake, na kwa wanawake lina nafasi mbili, muuguzi na mpishi. Nikamwambia mimi mchoraji, barua ya idara iliyonituma hii hapa. Akasema, "Mama, wachoraji wako ukurasa wa wanaume. Mkaguzi akikukuta huko atasema nini?" Nikamuuliza kama mkaguzi huwa anaona sketi ndani ya wino. Akaniandika mpishi. Basi mkubwa wa jikoni kila asubuhi ananisukumia ndoo: "Mpishi mwenzangu, viazi havimenywi kwa kuchorwa." Namenya, halafu naokota makaa kwenye jiko lake, nakwenda kuchora. Tunaelewana.

Kamera wamezikataza huku mbele. Kapteni anasema kamera haisikii amri, mchoro unasahihishika. Ana penseli yake moja ya kijivu, ngumu kama msumari, na kazi yake ni hiyo ya kusahihisha. Nikichora bandeji, yeye anaivisha kofia. Nikichora mdomo uliofumba, anaupa tabasamu. Juzi alinipa penseli nimalizie mwenyewe. Nikamwambia hiyo sitaigusa. Marehemu baba alinifundisha mabango kwa neno moja: usichore mkate ambao mwenye duka hana. Nachora nilichokiona, basi.

Mwambie mama sikutetemeka. Mtu hai anapumua. Bega likipanda nachora, likishuka nachora tena, ndiyo mistari miwili. Kwenye mabango baba alinigombeza kwa tabia hiyo mpaka nikaiacha, lakini kwenye makaa nimeuruhusu mkono ufanye unavyotaka. Kinywele nilimtolea mitatu, maana yule hatulii.

Sasa mdogo wangu. Sijamwona, lakini nimeiona kazi yake. Wiki iliyopita lilipita lori la askari, na vichwa vitatu vilikuwa vimenyolewa juzi tu, kila kimoja kimeachiwa kishungi nyuma ya sikio la kushoto. Nani mwingine duniani anasahau nyuma ya sikio la kushoto? Nikawauliza nani kawanyoa. Wakacheka: "Kinyozi mmoja mropokaji, ng'ambo ya mto. Anasema dada yake alimchorea kichwa kilichopinda, na tangu hapo hanyoi sawa."

Mpe mama habari hiyo ale nayo chakula.

Shangazi yake Kinywele


19 Machi

Wifi wangu, dawa ya moyo wangu,

Shikamoo tena na tena. Nilipofika kwenye kishungi nilipiga vigelegele, majirani wakatoka nje wakidhani vita vimekwisha. Ikabidi niwaeleze. Sasa mtaa mzima unajua mume wangu hajui kunyoa, na mimi sijawahi kuwa na fahari kama hii.

Mama alikula. Kinywele meno yametoka, na la kwanza kung'atwa lilikuwa bega langu.

Wifi, picha zako zimefika mjini kabla yako. Wamezitundika ukumbi wa mikutano, kiingilio bure. Nilimbeba Kinywele mgongoni nikaenda. Jina lako halipo. Chini ya kila picha pameandikwa idara. Mwanamume mmoja mwenye miwani alikuwa anawaeleza watu, "Mchoraji huyu ni mtu shupavu, ona mkono wake ulivyo wa kiume." Nilitaka kumwambia kwamba huyo mchoraji wake wa kiume alinikopesha gauni lake la harusi. Nikaona haya.

Lakini nilizijua zote ni zako, kwa mabega. Nikawa napita moja moja nikiangalia bega kwanza, kama mtoto aliyefundishwa herufi mpya. Anayevuta sigara, mistari miwili. Anayefua shati, miwili. Mpishi wako na ndoo yake, miwili, tena minene. Nikafika kwenye ile kubwa ya wanaume watano waliolala kando ya ukuta. Chini pameandikwa Askari Wakipumzika.

Pale mbele alisimama yule mshona nguo wa kona ya posta, unamjua, anayecheka kwa sauti. Amemwona mwanawe, wa pili kutoka kushoto. "Jamani, si wangu huyu! Tangu mdogo akilala ni gogo, unaweza kumwibia shuka!" Watu wakacheka naye. Akambusu kwenye kioo cha picha. Mimi nilikuwa nyuma yake naangalia. Mlinzi aliyechorwa pembeni yao ana mistari miwili. Wale watano, kila mmoja bega lina mstari mmoja, safi kama ukingo wa meza.

Nilimshikia mkoba wake apate kufuta machozi ya furaha.

Niambie nimekosea. Mimi si msomi wa picha.

Mama Kinywele


11 Aprili

Wifi,

Hujambo? Mimi sijambo.

Hujakosea. Yale maneno ya chini si yangu. Nyuma ya karatasi niliandika kwa mkono wangu kwamba hao watano walikufa saa nne asubuhi, na majina yao. Wameitundika picha, majina yakaelekea ukutani.

Umeisoma kuliko idara nzima. Imenitia hofu. Nilikuwa nadhani mkono wangu una siri, kumbe ni mdomo wazi.

Yule mama mshonaji usimwambie. Au mwambie. Nimekaa na sentensi hizi mbili tangu asubuhi, sijui ya kufuta ni ipi.

Vichwa vinavyovuka mto siku hizi nywele zimeshafunika masikio. Sijui maana yake. Labda mikasi imeisha makali.

Nakuahidi jambo moja. Nikimwona, popote na kwa hali yoyote, nitamchora na picha itakufikia. Wewe kusoma unajua.

Shangazi yake Kinywele


30 Mei

Kwako wifi mpenzi,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Nimekuandikia mara mbili sikupata jibu, nikasema labda barua zangu zimelowa nusu zote mbili. Hii naituma na kifurushi. Humo kuna mikasi ya mume wangu, ile mizuri yenye mpini mweusi. Nimeinoa kwa yule mnoa visu mpaka inakata unywele hewani. Maana ulisema mikasi imeisha makali, na mimi nikaona ndiyo hivyo hasa. Mtu atanyoaje kikosi kizima kwa mikasi miezi tisa? Umpatie. Mwambie nyuma ya sikio la kushoto pia ni kichwa.

Kinywele anatembea. Hatua nne, anakaa, anajipigia makofi mwenyewe. Anajua kusema "ba". Mama anasema ni bata, mimi nasema ni baba.

Mama hali yake si nzuri, wifi, wala hali chakula. Zile habari za kishungi zimemwishia nguvu kama dawa. Anageukia ukutani. Jana nilimlisha kijiko kimoja akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, nikimwona amelala tu, nikaona amelala vizuri, nitakula." Nikamwambia wifi atamchora. Akasema, "Basi na achore upesi."

Yule mshonaji nilimwambia. Nilikwenda kwake nimejipanga maneno yote, nikayasema vibaya. Hakulia. Aliniuliza, "Umeona nini?" Nikamwonyesha kwa kidole begani kwake. Akazima cherehani. Tangu siku hiyo akiniona anavuka barabara, na kicheko chake sijakisikia tena. Kila siku najiuliza nilimpa nini, na nilimnyang'anya nini.

Kwa hiyo sijui ninakuomba nini. Mimi niambie kweli. Mama mhurumie. Mambo mawili hayo hayaingii kwenye karatasi moja, najua, lakini wewe ni fundi.

Mama Kinywele


22 Julai

Kwako wifi mpenzi,

Salamu nyingi sana. Natumaini wewe hujambo, mama hajambo, mtoto hajambo, na majirani wote hawajambo. Mimi sijambo kabisa, na hali ya hewa ya huku ni nzuri.

Nimemkuta. Alikuwa amechoka, amelala kivulini kando ya ukuta wa shule, mkono chini ya kichwa, kama alivyokuwa akilala sebuleni siku za joto. Sikumwamsha. Mikasi imefika kwake. Nimemchora kama nilivyoahidi, na picha ndiyo hiyo.

Mwambie mama amelala vizuri. Ale.

Wifi yako


15 Agosti

Wifi,

Shikamoo.

Picha ilifika tarehe mbili. Niliikunjua mezani, na Mungu anisamehe, sikuanza na uso wa mume wangu, nilianza na bega. Mistari miwili. Nilihesabu kwa kidole bila kugusa. Miwili. Nilikaa chini sakafuni nikacheka mpaka Kinywele naye akacheka, hajui anacheka nini.

Mama aliomba tuitundike chini, usawa wa kitanda chake. Alikula. Siku ya kwanza vijiko sita, ya pili sahani. Anamsemesha. "Geuka upande wa pili, mkono utakufa ganzi." Siku nane nyumba hii ilikuwa na watu wanne.

Siku ya tisa Kinywele alitembea mpaka ukutani. Alikuwa ananyonya vidole. Akanyoosha mkono akampapasa baba yake begani, na vidole vimelowa mate, anasema "ba, ba." Nilimvuta haraka. Bega likawa limechafuka, moshi mtupu. Nikasema moyoni, haya, makaa ni makaa, yanafutika. Ndipo nikaona mstari mmoja umefutika na mwingine umebaki. Umebaki vilevile, mwembamba, wa kijivu. Nikalowesha kidole changu nikausugua. Hautoki.

Wifi, wewe mwenyewe uliniambia penseli ni ya nani na kazi yake nini.

Mama aliuliza bega limepatwa na nini. Nikamwambia mjukuu wako amempapasa baba yake. Akasema, "Vizuri. Amehisi." Akala. Kwa hiyo sasa tuko wawili katika kazi hii, wewe na mimi, na mimi ndiye ninayepika.

Jumamosi sikulifungua dirisha la banda.

Lakini mimi unanijua, nikipewa ufa napitisha mkono mzima. Nimekaa nikafikiri, huenda makaa yalikuishia. Ulikuwa unachora, bega limepanda, umetafuta makaa mfukoni hakuna, kapteni anapita, ukaazima penseli ukamalizia. Makaa huisha. Hata hapa nyumbani huisha chakula kikiwa nusu. Kama ndivyo ilivyokuwa, niandikie neno moja tu, yaliisha, nami nitakuamini mpaka kaburini.

Usinichoree tena. Niandikie.

Mama Kinywele


9 Septemba

Wifi,

Hujambo.

Makaa hayakuisha.

Nilimkuta tarehe tatu Julai, pale pale nilipokuambia. Mkono chini ya kichwa niliuweka mimi. Nywele zake zilikuwa zimefunika masikio, kinyozi hana wa kumnyoa. Nilimnyoa kwa mikasi uliyoituma. Nyuma ya sikio la kushoto nilimwachia kishungi, ili watakaomkuta huko wamjue. Amezikwa nyuma ya shule hiyo, safu ya pili, wa nne kutoka uzio. Mikasi anayo.

Penseli niliiomba kwa kapteni tarehe kumi na nane. Alinipa bila kuuliza, na hilo ndilo lililoniumiza, kwamba hakuuliza. Tangu hapo kila ninayemchora akiwa hana pumzi, jina na tarehe naviandika mbele, juu ya bega lenyewe, mahali ambapo mstari wa pili ungekuwa. Wakitaka kuvificha watundike picha bila mabega. Wameleta msichana mwingine wa kuchora. Karani amemwandika mpishi. Mimi sitarudi kwa sasa, siwezi kumwacha peke yake. Mama mlishe. Ukiona wakati umefika wa kumwambia, mwambie, na ukiona haujafika, dhambi iandike kwangu.

Umesema nikuandikie, nisikuchoree. Basi nakuandikia na hili, halafu sina lingine.

Nilianza na bega, kama kawaida yangu. Nikachora mstari wa kwanza, nikainua makaa, nikasubiri lipande. Nilikuwa najua, wifi, nilikuwa nimeshamnyoa, nimeshamfumba macho kwa mkono wangu. Lakini mkono una mazoea yake. Nilisubiri. Kivuli cha ukuta nilipoanza kilikuwa kwenye vidole vya miguu yangu. Kilipofika magotini alikuja yule mkubwa wa jikoni, akayatoa makaa mkononi mwangu, akasema, "Twende, mpishi mwenzangu. Twende, viazi."

Shangazi yake Kinywele